Nafasi ya Mifuko Miwili

Besi si kelele. Watu wengi hawalielewi hilo, na mimi nimechoka kulieleza, lakini nitalieleza tena. Besi ukiipata sawasawa unaisikia kwenye mbavu, na mtu aliyesimama nje ya gari hajui kinachoendelea. Nimelisema jambo hili nyumbani mara nyingi mno, kiasi kwamba mke wangu akiniona nafungua mdomo anainuka kwenda kuangalia jiko, hata kama jiko limezimwa.

Gari letu ni dogo, la milango mitano, na tulilinunua kwa jasho la wawili. Siku tulipolileta, tukiwa bado tumesimama nalo nje ya nyumba, tulikubaliana: mbele ni kwangu, buti ni la mke wangu. Yeye anauza mapazia sokoni. Kila asubuhi anapakia mifuko miwili mikubwa ya bluu, ile ya zipu, namshusha kwenye geti la soko, halafu naenda kazini kwangu kusoma mita za maji. Jioni nampitia, yeye na mifuko yake.

Mwaka jana nilivunja makubaliano, na hapa sitajitetea. Nilinunua sabufa ya inchi kumi na mbili ndani ya boksi lenye tundu, boksi kubwa kama kabati la vyombo, nikaliingiza kwenye buti. Lita sitini za hewa! Muziki ulitia fora. Ila siku ya pili yake mke wangu alikuwa na mapazia ya ukumbi mzima ya kumpelekea mteja, mifuko ikagoma kuingia, akahangaika kutafuta teksi, akachelewa, na mteja akawa ameshachukua kwa mwingine. Jioni alirudi, akafungua buti, akalitazama lile boksi, akafunga. Kesho yake nililitoa nikaliuza kwa bei ya kutupa, lakini ndani ya nyumba kitu kilikuwa kimeshapoa. Chai ilikuwepo, salamu zilikuwepo, kicheko hakikuwepo. Sababu nilijua ni boksi. Nani asingejua?

Ndiyo maana safari hii nilitaka kuifanya kazi kwa adabu. Niipate besi yangu, na mke wangu afungue buti lake aone halijapungua hata upana wa kiganja, acheke, aseme, "Wewe mwanamume una wazimu," kama alivyokuwa akiniambia zamani. Nilikuwa namtaka arudi yule wa zamani. Inchi na lita zilikuwa njia tu ya kufika hapo.

Nilizunguka miezi miwili. Muuza spika wa kwanza aliniwekea mezani ile nyembamba ya chini ya kiti, yenye amplifaya yake humohumo. "Hupotezi chochote," akasema. Kweli hupotezi chochote, na hupati chochote. Besi yake ilikuwa na haya, inabisha hodi kisha inakimbia. Wa pili alitaka kunijengea boksi la faiba ubavuni mwa buti, nyuma ya tairi la kushoto. Lingependeza, lakini ile ndiyo kona unapokaa mfuko wa pili. Nikamwambia kona ile ina mwenyewe, akanicheka mbele ya wateja wake.

Wa tatu ndiye Sentimita. Jina lake halisi silijui, na sidhani kama karakana nzima kuna anayelijua. Alijikunja ndani ya buti langu robo saa nzima, akainua zulia, akatoa ubao wa sakafu, akapima bakuli la rimu ya tairi la akiba kwa futi na kisha kwa vidole.

"Sabufa bapa, inchi kumi," alisema kichwa kikiwa bado ndani. "Kina chake sentimita nane tu. Nakutengenezea boksi la mviringo, limezibwa pande zote, lita kumi na tano, linakaa humu kwenye rimu. Ubao unarudi, zulia linarudi. Sakafu inabaki palepale."

"Na tundu?"

"Tundu usilitamani, mkubwa. Boksi la tundu linataka hewa mara mbili. Ukilibana linakoroma."

Nilimpenda mtu huyu tangu hapo. Lakini alikuwa na sharti lake: hakati ubao mpaka mzigo wenyewe uletwe. Kuna mteja aliwahi kumwambia anabeba begi la mpira tu, kumbe siku za kazi anabeba jenereta, na sakafu ikavunjikia juu ya sabufa mpya. Tangu siku hiyo Sentimita anaupima mzigo kwenye mizani, anaufungua aone una ncha gani, ndipo anapoamua unene wa ubao.

"Mzigo wangu ni mapazia," nilimwambia. "Nguo tupu."

"Yalete hayohayo mapazia."

Jumamosi ilinipa nafasi. Mke wangu alikwenda saluni kusuka, akasema sokoni ataenda mchana. Binti yetu wa miaka sita alikuwa tangu jana yake kwa shangazi yake, yaani dada yangu mkubwa. Huyu dada ndiye aliyenilea. Mama yetu alifariki nikiwa darasa la pili, na yeye ndiye aliyenifunga kamba za viatu, ndiye aliyekuja shule nilipoitiwa mzazi, na siku ya harusi yangu ndiye aliyekaa kwenye kiti cha mama. Ana duka la madaftari mtaa wa nyuma ya soko, na vyumba vyake viko nyuma ya duka.

Mifuko ilikuwa nyuma ya mlango, imejaa, zipu zimefungwa. Niliibeba hadi kwenye gari nikinyata kwa furaha kama mwizi wa keki. Mmoja ulikuwa mzito kuliko nilivyotegemea. Nikajisemea mapazia ya siku hizi yana bitana.

Sentimita aliuweka mfuko wa kwanza kwenye mizani. Kilo kumi na nne. Wa pili ukafika ishirini na tatu. Akaukunjia uso, akautikisa kidogo, na ndani kitu kikagongana.

"Mkubwa, mapazia yako yana kengele?"

Nilicheka. Nakumbuka vizuri kwamba nilicheka, na kwa sauti.

Akavuta zipu. Juu kulikuwa na pazia moja la kijivu, limekunjwa vizuri. Chini yake zilikuwa sahani zetu sita za maua, kila moja imeviringishwa kwenye taulo. Pasi. Viatu vya shule vya binti yetu. Picha ya baba mkwe ndani ya fremu yake, ile ya sebuleni, ambayo asubuhi hiyo nilipita mbele ya msumari wake mtupu na nisione. Na chini kabisa, bahasha ya plastiki yenye kadi ya kliniki ya mtoto na cheti chake cha kuzaliwa.

Kwa dakika moja nilitaka kuamini anauza vitu vya ndani. Biashara ngumu, labda anaona haya kusema. Lakini cheti cha kuzaliwa cha mtoto kinauzwa soko gani?

Ndipo vitu vikaanza kuja kichwani kimoja kimoja. Blenda, "nimeipeleka kwa fundi." Mablanketi mawili mazito, "nimemwazima jirani, ana wageni." Nguo za mtoto, "zimembana, nimezigawa." Yote niliyaitikia, naam, naam, huku nikichora boksi nyuma ya bili ya umeme. Miaka kumi na moja nasoma mita. Nyumba inayotaka kuhamwa naijua kabla ya jirani zake, kwa jinsi mita inavyoanza kusota. Ya kwangu sikuisoma.

Na nani alikuwa dereva? Mimi. Nani alizunguka mji mzima akigombana na wauza spika, asikubali hata kona moja ipungue, ili mifuko ile iingie bila kubanana? Mimi huyohuyo. Mwanamke alikuwa anahama nyumba yangu kwa gari langu, mimi mwenyewe nikiwa kwenye usukani, na kila tukifika geti la soko ananiambia, "Asante, mume wangu." Niliona aibu kwanza. Halafu hasira ikaja na ukoo wake mzima.

Sentimita alifunga zipu polepole, jino kwa jino. Hakunitazama. Aliokota futi yake, akaifungua, akaifunga.

"Ubao wa milimita kumi na nane ungetosha," alisema. "Au tuache kwanza?"

"Tuache kwanza, fundi."

Nilimkuta mke wangu mlangoni, nywele zimeshasukwa, viatu bado miguuni. Alikuwa ameshaangalia nyuma ya mlango. Nilijua kwa jinsi alivyosimama.

"Mifuko yangu iko wapi?"

"Kwenye buti lako."

"Umeifungua."

"Fundi spika ndiye aliyeifungua. Mtu baki ameona sahani zetu ndani ya mfuko kabla yangu mimi."

Alifumba macho, akayafumbua. "Ningekuambia mwisho wa mwezi."

"Ungeniambia nini? Kwamba nimeshamaliza kukuhamisha, nioshe gari?"

"Usipige kelele."

"Tangu lini?"

"Miezi miwili."

"Kwa sababu ya boksi! Boksi nililolitoa kesho yake!"

"Boksi?" Alinitazama kama mtu anayetafuta pa kuanzia. "Wewe mpaka leo unadhani ni boksi. Siku ile nilipompoteza mteja nilikuambia kibanda cha sokoni kinanishinda, nimechoka, tukae tuzungumze. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Nilizungusha funguo za gari kidoleni.

"Uliniambia, usijali, nitatafuta sabufa ndogo."

Sikumbuki kusema hivyo. Lakini ni maneno yangu, nayajua kama ninavyojua kikohozi changu.

"Kwa hiyo ukaamua kunizunguka," nilisema. "Asubuhi asante mume wangu, jioni pole na kazi, kumbe unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Miezi miwili!"

"Miezi miwili, na hukushuka hata asubuhi moja kunishushia mfuko. Ungeubeba mara moja tu, ungejua."

Hilo lilinikata maini, nikatafuta swali jingine, baya zaidi.

"Ni nani?"

"Nani nini?"

"Huyo mwanamume unayempelekea sahani zangu."

"Hakuna mwanamume."

"Vitu vimekwenda wapi? Blenda imetembea yenyewe? Mtu gani anapokea vitu vya mke wa mwenzake miezi miwili, haoni haya?"

Aliangalia chini, na mimi nikaona nimempata. Nilishajenga sura ya huyo mtu, kitambi chake, saa yake kubwa ya mkononi, kicheko chake. Nilitaka nimfikie angali anacheka.

"Ingia kwenye gari," nilisema. "Nipeleke kwake."

"Tusiende na hasira."

"Nipeleke!"

Aliingia, akaweka mkoba mapajani, akafunga mkanda. Nikawasha gari. Simu yake ikajiunga na redio, kama inavyojiunga kila asubuhi, kwa sababu mimi ndiye niliyeipanga hivyo ili asikilize nyimbo zake njiani. Nilikuwa sijamaliza kurudi nyuma kutoka getini simu ilipoita, na mlio ukajaa gari zima. Mke wangu alipeleka mkono haraka kuikata. Kitufe cha kwenye usukani kilikuwa karibu yangu zaidi, nikakibonyeza.

"Wifi, uko wapi?" Sauti ilitoka safi kwenye spika zote nne. "Nimeshakifagia kile chumba cha nyuma, na kitanda cha mtoto kimeshafungwa. Bado hizo sahani na pazia la dirishani tu."

Mke wangu alifunika uso kwa mikono yake miwili. Mguu wangu ulikuwa kwenye breki na sikumbuki niliuweka saa ngapi. Kile kitambi, ile saa kubwa, yule mtu mzima niliyemjenga, vyote viliyeyuka, na mahali pake pakawa na duka la madaftari ambalo nimeingia maelfu ya mara bila kubisha hodi.

"Wifi? Mbona kimya?" Akapunguza sauti, na spika zangu hazikupoteza hata herufi. "Na mdogo wangu, bado hajashtuka?"

"Nimeshashtuka, dada," nilisema.

Nilisubiri aniite kwa lile jina la utotoni analojua yeye peke yake. Nilisubiri anigombeze, anidanganye, alie, chochote. Mbali kidogo na simu nilimsikia binti yangu akiuliza, "Shangazi, ni baba?"

Dada yangu akakata simu.