Matanga ya Kura Sundbyberg

Papa Baudouin alikaa Amerika miaka minane akiuza bima za magari, kisha akaja Stockholm na viatu vyeupe, kikohozi cha wakubwa, na demokrasia. Viatu viliharibika kwenye theluji ya kwanza. Kikohozi kilimpatia uenyekiti wa chama cha Wakongo, kwa kuwa siku ile wengine wote walichelewa na yeye akakohoa kwanza. Demokrasia aliiweka akiba mpaka siku alipopata mpinzani.

Mpinzani mwenyewe alikuwa Mama Hortense, ambaye kwa kazi huwaogesha na kuwalisha wazee wa Kiswidi kule Farsta, na kwa wito husimamia matanga. Mkongo akifiwa Stockholm, hata kama marehemu yuko Bukavu, watu lazima waje wakae naye, na huwezi kukalisha umati katika nyumba ya vyumba viwili ambayo jirani wa chini hugonga dari ukiangusha kijiko. Ndiyo maana chama kilikodi ukumbi Farsta. Hortense alijua masufuria yako wapi, na nani asikae karibu na nani. Sasa mwenyekiti alitaka kuyatupa nje masufuria na kuugeuza ukumbi uwe Kituo cha Uongozi, chenye viti vya magurudumu na picha yake ukutani. Hortense hakuwahi kutamani cheo. Aligombea kwa sababu majira ya baridi yaliyopita mwanachama mmoja, Maombi, alifiwa na mama yake, akaambiwa ukumbi una semina, akalilia bafuni kwake huku waliokuja kumpa pole wamejipanga kwenye ngazi kama wanaongoja mshahara.

Basi mwenyekiti akaita mkutano, akakohoa, akatangaza kwamba Waafrika wameshindwa kupiga kura kistaarabu, na Waswidi nao wanapiga kitoto: Jumapili, wamelala vya kutosha, na kadi ya mpiga kura imeletwa nyumbani bila hata kuombwa. Kura inayoletwa mlangoni, alisema, ina heshima gani? Amerika mtu huitafuta kura yake, akijiandikisha mwenyewe, akihojiwa, akichunguzwa, na akiipata anaijua thamani yake. Kwa hiyo chama kingepiga kura Kimarekani.

Uchaguzi ungekuwa Jumanne, saa nne hadi saa tano asubuhi, kwa kuwa Wamarekani hupiga kura Jumanne. Kituo kingekuwa kimoja tu, ofisi ya rafiki yake Sundbyberg, ingawa wanachama karibu wote wanaishi Farsta na Skärholmen, upande wa pili wa mji. Kitambulisho kingekuwa pasipoti, leseni ya gari au leseni ya bunduki. Kadi ya chama chenyewe haikukubalika. Saini ingelinganishwa na ile uliyoweka siku ya kujiunga. Na ilikuwa marufuku kumpa aliye kwenye foleni chakula au maji, maana hiyo ni hongo.

Milly, Mganda anayeendesha basi na aliyeingia chama kwa njia ya ndoa, aliuliza kama yupo mwanachama hata mmoja mwenye bunduki. Mwenyekiti alimjibu kwamba kanuni hazitungwi kwa kuangalia watu. Hilo ndilo neno pekee la kweli alilosema jioni ile.

Hortense hakubishana. Alimpigia simu mdogo wake Agripina, raia wa Amerika kwa viapo vyote, akamsomea kanuni moja moja. Agripina alizitambua kama mtu anavyowatambua wakwe zake. Katika jimbo lao la kusini, leseni ya bunduki ilitosha, lakini kitambulisho cha chuo cha binti yake kilikataliwa. Jina lake mwenyewe liliwahi kufutwa daftarini kwa kuwa hakujibu kadi ya posta iliyofanana na tangazo la pizza. Akajiandikisha upya. Ndipo wakakifunga kituo cha mtaa wao, mtaa wa watu weusi, wakampeleka mbali, akasimama kuanzia mchana hadi giza, wakati katika mtaa wa wenye bustani watu waliingia na kutoka kama dukani.

Hortense akamuuliza alifanyaje.

"Sikutoka," alisema Agripina, ambaye humwita dada yake yaya kama kwao. "Wanataka uchoke, yaya. Hiyo ndiyo mashine yao yote. Lakini saa ya kufunga ikikukuta ndani ya foleni, sheria yao wenyewe inasema utapiga. Nikasimama."

Shida ilikuwa kuwapata wa kusimama. Mwambie Mkongo aombe ruhusa kazini akapige kura, atakuuliza kama una homa. Mwambie kuna matanga, hatakuuliza kitu ila apike nini. Atabadilishana zamu, atasingizia jino, atakuja. Hortense alilijua hilo kuliko mtu yeyote, akaandika kwenye kundi la simu la akina mama, juu kabisa akiweka picha ya mshumaa:

"Kwa masikitiko makubwa tunatangaza msiba. Kura zetu ziko mahututi na zinatarajiwa kufariki Jumanne saa nne asubuhi, Sundbyberg, mikononi mwa mwenyekiti. Vazi ni kitenge. Wafiwa waje na pasipoti. Wali na sombe vitakuwepo."

Wa kwanza kujibu alisema pole. Wa pili aliuliza marehemu ameacha nini. Hortense akajibu: ukumbi mmoja.

Jumanne hiyo mwenyekiti aliwatarajia marafiki zake wa semina, watu ambao asubuhi hawana pa kwenda. Walifika, wakapiga, wakaketi. Nyuma yao ikaja foleni ya vitenge iliyojaza ukumbi wa mlangoni, ikashuka ngazi zote, ikatokea barabarani, ikiimba chini kwa chini wimbo wa maziko. Mlinzi wa jengo, Mswidi mzee, alivua kofia akauliza nani ametutoka. Milly, kwa uso wa ibada, alimwambia ilikuwa ghafla sana. Wafanyakazi wa ofisi za jirani wakaanza kutembea kwa ncha za vidole.

Sahani za wali na sombe, yale majani ya muhogo, zikapita. Mwenyekiti akatoka mbio kusema chakula kwenye foleni ni kosa.

"Foleni gani, président?" aliuliza Hortense. "Hawa ni wafiwa. Utamzuia mfiwa kula?"

Hakuna mtu wa Uvira anayeweza kujibu ndiyo kwa swali hilo, na Baudouin, pamoja na Amerika yake yote, alizaliwa Uvira. Akarudi ndani.

Mezani alikaa mpwa wake Arsène, aliyeagizwa asiwe na haraka. Alizitazama saini kama daktari anayetafuta chawa. Saa tano ilipogonga, wengi walikuwa bado ngazini. Mwenyekiti akapanda juu ya kiti, akatangaza kwamba kituo kimefungwa na akawashukuru wote kwa kukomaa kisiasa.

Hortense alichungulia chini ngazini, akamwona Maombi bado yuko barabarani. Wakishuka sasa hawatapanda tena, na mfiwa ajaye atalilia bafuni. Akauliza kwa upole, lakini kwa sauti ya kufika chini:

"Président, kule Amerika, saa ya kufunga ikiwakuta watu kwenye foleni, sheria inasemaje?"

Mwenyekiti akakohoa. Angeweza kusema hajui, lakini marafiki wote wa semina walikuwa wamegeuka kumsikiliza, na aliwauzia Amerika muda mrefu kuliko alivyowahi kuuza bima. Angeweza kudanganya, lakini Milly alikwisha kumweka Agripina hewani, na raia huyo alikuwa anamtazama kutoka kwenye simu, kichwa kimefungwa kilemba cha kulalia.

"Wanapiga," alisema mwenyekiti. "Isipokuwa..."

"Asante. Tunasubiri."

Mtu akampa Arsène sahani. Baada ya hapo saini zote zilifanana vizuri sana.

Kura za mwenyekiti zikatoka sawa na idadi ya marafiki zake, pungufu ya moja. Akadai zihesabiwe tena, zikahesabiwa. Akataja mahakama, Milly akamuuliza ni ipi, ya hapa au ya kule. Akina mama walikuwa wamekwisha kukaa sakafuni, miguu imenyooshwa, hawana haraka na mtu.

Hortense akaomba ufunguo wa ukumbi. Baudouin akasema uko nyumbani kwake Skärholmen, angeuleta wiki ijayo.

Akina mama wakainuka bila kuambiwa, wakafunika masufuria, wakakaza vitenge.

"Tunakusindikiza," alisema Hortense. "Sisi hatumwachi mtu peke yake siku kama ya leo."

Wakamweka katikati, wakashuka naye hadi kwenye metro, wakiimba. Kwenye behewa bibi mmoja wa Kiswidi aliwatazama wote, akamtazama yeye, akainuka akampa kiti chake na kumshika mkono kwa huzuni.

Baudouin akakaa, akashukuru.