Mwenye Funguo Ukutani

Mwalimu Mkuu Deogratias ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheka. Alisimama mbele ya ukuta wa stoo, mikono nyuma, tumbo mbele, akalikagua dude refu jekundu lenye miguu kama mianzi, nywele zilizosimama kama fagio la chelewa, na kiunoni kitu kinachoning'inia, kikubwa kuliko kichwa.

"Na huyu ng'ombe mwenye kengele," aliuliza, machozi ya kicheko yakimlengalenga, "mmemtoa wapi?"

Darasa la Tatu zima likasukumana viwiko. Hatimaye Hajira, binti wa miaka tisa ambaye hajawahi kumeza neno, akasema, "Siyo ng'ombe, mwalimu. Ni wewe."

Kicheko kikamkwama kooni kama mwiba wa perege.

Haya yote yaliletwa na Mwalimu Marselina wa sanaa. Alikuwa amewaonyesha watoto, kwenye simu yake, picha za miambani kule Kondoa: watu warefu, wembamba, wenye nywele kubwa, waliochorwa na mababu ambao hakuna anayeyajua majina yao. "Hawakuwa na duka la rangi," aliwaambia. "Walichukua kilichokuwa chini ya nyayo zao, wakachora walichokiona kila siku." Watoto hawakungoja kuambiwa mara mbili. Udongo mwekundu wa Kisarawe hauagizwi. Mvua ikinyesha unarudi nao nyumbani bila kupenda. Wakauponda, wakauchanganya na kiini cha yai, wakatafuna ncha za miswaki ya miti zikawa brashi. Wakamchora muuza maandazi. Wakamchora mbuzi wa jirani anayekula madaftari. Wakamchora na Mwalimu Mkuu.

Walichokiona kila siku! Neno hilo, Marselina alipomsimulia, ndilo lililomchoma. Tangu ahamishwe kutoka Magindu, miaka minne sasa, Deogratias alidhani watoto wanaiona tai yake, na ule mwandiko wake wa kuringia. Kumbe wanaona shada la funguo. Na funguo zenyewe alizibeba kwa nia njema: mle stoo mlikuwa na mipira sita na katoni ya rangi za kuchorea, zawadi ya wageni, navyo alivifungia siku ile ile vilipoletwa, visije vikaharibika.

"Ijumaa Afisa Elimu Kata anakuja," alisema. "Ukuta huu upigwe chokaa." Kisha, akijipapasa upara, "Na nywele mmenipa za nani?"

"Za kale, mwalimu," Hajira alimliwaza.

Umbea wa Kisarawe hupanda kilima bila kuhema. Kufikia Alhamisi adhuhuri uwanja wa shule ulifurika kama kuna ngoma. Kila mtu amekuja kujitafuta ukutani. Muuza maandazi alijiona, akaridhika, akaomba tu aongezewe makalio. Mwenye mbuzi alimkana mbuzi wake mbele ya mashahidi. Ndipo akatokea Bi Swaumu, mwenyekiti wa kamati ya shule, Mzaramo wa hapo hapo, khanga kiunoni. Deogratias ni Mnyamwezi, na utani wa makabila hayo mawili ni mkongwe kuliko shule yenyewe.

"Mtani!" alipaza sauti. "Kumbe nywele unazo, unatuficha tu?"

"Mtani, niache. Nina ukuta wa kupiga chokaa."

"Piga, nani kakuzuia? Ila kwanza tuhakikishe mchoraji hakusema uongo." Mkono ukaruka kama wa mdokozi wa sokoni, na lile shada likachomoka kwenye mkanda. "Nimemteka! Mnyamwezi nimemteka!"

Vigelegele vikapaa. Deogratias alinyoosha mkono azichukue, akaurudisha. Mtani akikuteka, kukasirika ni mwiko. Tena yeye angeanzia wapi? Mwaka jana, katika msiba wa kaka yake Bi Swaumu, alijilaza ndani ya kaburi, akagoma kutoka mpaka apewe kuku.

Bi Swaumu alijaribu funguo tano kwenye mlango wa stoo. Wa sita ukazunguka. Mlango ukalia. Ndani, mipira ilikuwa imesinyaa kama madanzi yaliyosahaulika, mmoja umegeuzwa nyumba ya panya. Wakabandua vifuniko vya makopo ya rangi. Hajira akaligonga kopo la buluu kwa ukucha.

"Imekuwa mwamba," alisema.

Hakuna aliyecheka. Deogratias, ambaye tangu juzi alikuwa akiwaombea watu wale wafunge midomo, alijikuta anatamani hata mmoja acheke. Hata mtani wake alitazama kando, ingawa funguo hakurudisha: alidai kwanza jogoo wa kuzikombolea.

Ijumaa asubuhi na mapema Mwalimu Mkuu alikuja na ndoo ya chokaa, akapiga pande tatu za stoo kwa mkono wake mwenyewe. Alipofika upande wa nne, brashi ilibaki hewani, chokaa ikimdondokea viatuni. Yule mtu mwekundu alikuwa akimtazama. Au labda hakuwa akimtazama; watu wa picha za Kondoa hawana macho.

"Shikamoo, mwalimu." Hajira, ameshika mswaki na kifuu cha udongo.

"Marahaba."

"Unajifuta?"

Aliiweka brashi ndani ya ndoo. "Funguo hizi," alisema taratibu, "haziwezi kupungua kidogo?"

Hajira alifikiri, kichwa upande. "Haziwezi. Lakini naweza kukuchorea mlango."

"Wazi?"

"Sijajua bado. Simama pale kwanza nikuone. Usitingishike."

Akasimama. Nyuma yake stoo ilikuwa wazi, upepo wa mlimani ukiingia na kutoka kama mwenyeji. Kwa mbali pikipiki ya Afisa Elimu ilisikika ikikikwea kilima, ikikohoa kwenye kona ya mwisho. Deogratias akageuka kwenda kumpokea mgeni, tai imepinda, chokaa usoni.

"Mwalimu!"

Akarudi mahali pake. Kwa mazoea mkono ulishuka kiunoni, ukakuta mkanda mtupu, ukabaki pale pale, haujui pa kwenda.

"Hivyo hivyo," alisema Hajira, akachovya mswaki.