Mtani Langoni

Siku ubao ulipopigiliwa langoni, aliyeshika misumari alikuwa Dorica mwenyewe. Bwana Tolley alikuwa juu ya ngazi, akinyoosha mkono bila kutazama chini, naye Dorica akawa anampa msumari baada ya msumari huku akisoma maandishi yale meupe: HAPA NKONDE ALIWAFUNGULIA ADUI LANGO KWA JORA LA KITAMBAA. Nkonde alikuwa mjomba wa mama yake. Moyoni Dorica aliapa kwamba kuna mtu atalipa.

Mtu huyo alikuwa Lackson, mwongoza wageni.

Kiangazi kile cha mwaka 1956, Bwana Tolley, mzungu mstaafu aliyeokota Kiswahili chake kwenye migodi ya Katanga, alikuwa amefufua ngome ya zamani kaskazini mwa Nchelenge, kando ya njia ya kwenda Chienge. Pale ambapo wazee wa mwambao wa ziwa walipigana na wateka watumwa wakashindwa, alisimamisha upya ukuta wa magogo, akajenga kibanda cha makumbusho, akapanga mikuki, magobore na minyororo katika makabati ya kioo. Wageni walikuja kwa motokaa kutoka Fort Rosebery. Dorica alifagia na kufuta vioo. Lackson, aliyekulia katika biashara ya samaki wa kukausha ng'ambo ya Congo, ndiye aliyesimulia vita, na alijua kusimulia.

Sasa, Lackson alikuwa wa ukoo wa Samaki na Dorica wa ukoo wa Mamba, na koo hizo mbili ni watani tangu zamani. Mtani atakutukana mbele ya mkweo, atamchukua kuku wako akamchinja, nawe huna ruhusa ya kununa. Ukifa, yeye ndiye anayekuchimbia kaburi, na anakusimanga mpaka udongo wa mwisho. Kwa hiyo asubuhi moja, Dorica alipopita na ufagio wake, Lackson hakuweza kujizuia.

"Muangalie ule mwanamuke!" aliwaambia wageni kwa Kiswahili chake cha Congo. "Babu yake njo alifungula mulango. Walimupa kitambaa, yeye akawapa watu!"

"Na babu zako walikuwa wapi?" Dorica alimjibu papo hapo. "Ndani ya vyungu, wamejifunika na mboga!"

Wakacheka wote wawili hadi Lackson akashika ukuta. Wageni hawakucheka. Waliandika. Bwana Tolley naye aliipenda sana hadithi ile, akataka isimuliwe kila Jumamosi, na mwishowe akaagiza ubao.

Dorica alimfuata Lackson nyuma ya kibanda jioni ile ile ya misumari.

"Ambia muzungu ile ilikuwa mchezo. Muambie kesho."

"Aa! Mamba ameingia katika wavu, sasa anaomba samaki amufungule!"

"Lackson, sichezi."

"Na mi sichezi, nakula!" Akajipigapiga tumbo, akaenda zake akipiga mluzi.

Hapo ndipo chuki ilipoota mizizi. Sokoni watu walianza kumwita "Mfungua Lango" mtoto wa dada yake, aliyerithishwa jina la Nkonde. Mama yake Dorica, mzee aliyekuwa hakosi ibada, aliacha kwenda kanisani. Kila siku Dorica alimtupia Lackson maneno aliyoyanoa usiku kucha, na kila siku Lackson aliyapokea kwa furaha. Alimwambia anatamani ziwa limmeze. "Likinimeza, weye njo utapika bukari, ile ugali ya kilio," alijibu, "na usisahau chumvi!" Mtu gani huyu, hata umchukie hajui? Dorica alitamani kupata tusi moja tu ambalo lingemchoma, na hakulipata, kwa sababu kati yao matusi yote yalikuwa yamekwisha kusamehewa kabla hayajatamkwa.

Basi akaacha maneno. Alitoa bangili ya pembe katika kabati, akaitupa chooni.

Bwana Tolley aliwasimamisha wafanyakazi mbele ya kibanda. Wageni walikuwepo, na tarishi wa Boma, aliyekamata watu kwa niaba ya serikali, alikuwepo pia, ameegemea baiskeli yake.

"Nani alichukua bangili?"

"Lackson," alisema Dorica.

Lackson aligeuka, na uso wake ukachangamka kama wa mtu aliyepigiwa ngoma aijuayo. "Kweli, Bwana! Mi njo nilichukua. Niliuza kule Kilwa ya Congo, nikakula na wanawake wawili, na mufupa nikamuwekea huyu Mamba!"

Kisha akamtazama Dorica, akingoja. Ilikuwa zamu yake. Alipaswa kumjibu kwa tusi kubwa zaidi, ili wenyeji wote waangue kicheko na Bwana Tolley apate kuelewa. Tusi lilikuwa tayari ulimini, tena zuri. Dorica alilibana kwa meno.

Tabasamu la Lackson lilikaa usoni muda mrefu, likitafuta pa kwenda.

"Dorica," alisema polepole. "Sema sasa."

"Nimekwisha sema."

Tarishi alimfunga mikono. Kiangazi chote kilichobaki, Lackson alilima barabara pamoja na wafungwa wengine, kichwa kimenyolewa. Dorica alipita pale kwa makusudi zaidi ya mara moja. Kisasi kilikuwa kitamu, na atakayesema si kitamu hajawahi kukionja. Alifagia huku akiimba nyimbo za kanisani. Alipewa kofia ya mwongoza wageni, na siku hiyo hiyo akaomba ubao uondolewe.

"Ile ilikuwa utani wa Lackson tu, Bwana."

"Lackson ni mwizi," alisema Bwana Tolley, "lakini hadithi ni ya kweli. Siku alipoisema, nilikuona wewe mwenyewe unacheka."

Ubao ukabaki.

Mvua za kwanza ziliponyesha, mama yake alifariki. Watu wa ukoo wa Samaki walikuja na majembe yao kama ilivyo desturi, na mbele yao alikuwa Lackson, ametoka kifungoni, nywele zimeanza kuota. Waombolezaji walimwangalia kwa hamu hata katika machozi, maana yeye ndiye aliyejulikana kuliko wote kwa kulala kaburini na kugoma kutoka mpaka alipwe kuku. Lackson alichimba bila neno. Alizinyoosha kingo, akasafisha shimo, akatoka. Akachuchumaa mbele ya Dorica na kupiga makofi ya heshima taratibu, kama mbele ya mkwe.

"Pole sana, mama. Mungu akutulize."

Dorica alisimama, akaelekeza kidole shimoni, akapaza sauti ili wote wasikie.

"Samaki uliyeoza weye! Kaburi gani hii fupi? Unataka mama yangu alale amekunja magoti?"

Waombolezaji walikwisha kufungua vinywa kucheka. Lackson alilitazama kaburi, lililokuwa refu la kutosha mtu yeyote, kisha akainamisha kichwa.

"Ndiyo, mama. Nitaongeza."

Akarudi shimoni, akaendelea kuchimba.