Namba Moja kwa Maji Machafu

Malalamiko yalipozidi kwamba maji yananuka kutu, kampuni ya maji ilifanya kile inachofanya tangu sijang'oka meno ya utoto: ilitafuta fundi wa kupaka rangi. Nakumbuka ilipokuwa Idara, geti likapakwa bluu. Ikawa Mamlaka, geti likawa kijani. Leo ni Kampuni, geti linajifungua lenyewe, lakini bomba linaloleta maji mtaani kwetu ni lile lile la enzi za geti la bluu, na hakuna mkurugenzi aliyewahi kulifukua hata alitazame tu.

Safari hii hawakupaka geti. Walipaka mtandao.

Dada yangu ni dobi. Ana chumba kimoja cha mbele, mashine mbili, meza ya pasi, na kamba zilizotanda uani. Mteja wake mkubwa ni mama mwenye nyumba ya wageni pale kona, tunayemwita Mama Wageni, mwanamke asiyepoteza maneno. Siku moja mashuka yake meupe yalitoka kwenye mashine na madoa ya kahawia, utadhani mtu kayamwagia chai kwa makusudi. Dada akayafua tena. Madoa yakaongezeka. Mama Wageni akayakunjua moja moja mbele ya wateja wengine.

"Umeniharibia mashuka na masabuni yako ya bei rahisi."

"Mama, ni maji. Njoo nikufungulie bomba uone."

"Maji hayo hayo naogea mimi. Mbona mimi sina madoa?"

Watu wakacheka. Kicheko kile kilimfungia dada biashara. Wateja walianza kupita mlangoni pake wakiangalia upande wa pili, kama vile anawadai.

Ndipo nikaandika ukurasa mtandaoni. Niliweka picha ya ndoo, picha ya shuka, na kichwa cha habari: Maji Machafu ya Kampuni Yamchafulia Dobi Jina. Watu wakausoma, wakarushiana, ukapanda mpaka juu. Ukitafuta "maji machafu" kwenye simu, wa kwanza kutokea ni sisi.

"Basi iko siku Mama Wageni ataona," dada akasema. Hakuwa na haja ya fidia wala kesi. Alitaka yule mama aone, aamini, arudi.

Badala yake akaja mume wa mdogo wetu. Mtaa mzima unamwita Namba Moja, kwa sababu ndiyo kazi yake: unampa tovuti yako, anahakikisha watu wakitafuta kitu, wewe ndiye unayetokea mbele. Alifika saa ya chakula, akavuta kiti bila kukaribishwa.

"Nimepata kazi kwenye kampuni ya maji," akasema huku akijisogezea sahani. "Kuna ukurasa mmoja unawanyima usingizi. Wanataka niushushe."

"Ukurasa gani?" nikauliza.

"Wenu, shemeji."

Dada alikuwa na mwiko mkononi. Mwiko ukaganda hewani.

"Kwa hiyo unakula kwangu upate nguvu za kunizika?"

"Sikuziki, dada. Nakuhamishia ukurasa wa pili wa matokeo."

"Huko ukurasa wa pili kuna nini?"

"Hakuna kitu. Hata watu hawafiki."

"Na bomba watalitengeneza?"

"Bomba si kazi yangu. Mimi nashughulika na maneno." Akatufafanulia kwa upole, kama anayefundisha watoto: mtandao hauonji maji. Unasoma tu nani ametaja neno linalotafutwa, ametaja wapi, na mara ngapi. "Mnanishinda kwa neno moja, maji machafu. Nikilitaja mara nyingi kuliko ninyi, mmekwisha."

Dada akampakulia. Shemeji ni shemeji. Ila nyama alimnyima.

Namba Moja alifanya kazi kama mtu aliyepandwa na mashetani. Kila ukiamka, tovuti ya kampuni imezaa makala mpya. Maji Machafu: Yote Unayotaka Kujua Kutoka Kampuni Unayoiamini. Unatafuta Maji Machafu Karibu Nawe? Umefika. Moja ilianza hivi: "Kampuni yetu ina uzoefu wa miaka mingi katika maji machafu." Na kwa kuwa mtandao husoma pia maneno yaliyo chini ya picha, chini ya picha ya mkurugenzi akiwa ameinua glasi na kutabasamu, aliandika: "Mkurugenzi wetu akifurahia maji machafu."

Hakuna aliyemzuia. Pale ofisini walikuwa wanatazama kwenye grafu mstari wa wageni wa tovuti ukipanda, na mstari ukipanda kwenye ofisi za namna ile hakuna anayesoma kitu kingine. Mkurugenzi alimpa mkono mbele ya wafanyakazi wote.

Ukurasa wetu ukazama. Dada alikuwa anautafuta kila anaposubiri pasi ipate moto, kisha anaiweka simu kifudifudi. "Basi tena," akaniambia. "Hataona."

Mama Wageni alikuwa ameshahamishia mashuka yake kwa dobi mwingine. Na huko nako yakatoka na madoa ya kahawia. Akatoa simu, akaandika alichokiona: madoa ya kahawia kwenye mashuka.

Namba Moja alikuwa ameshalitega hata neno hilo, maana huwa haachi neno linalotafutwa. Wa kwanza kutokea ilikuwa tovuti ya kampuni ya maji, na nembo yake juu: Madoa ya Kahawia Kwenye Mashuka? Usimlaumu Dobi.

Alikuja na mashuka yote ndani ya mfuko, simu kaitanguliza mbele kama tochi.

"Kumbe ni kutu ya mabomba ya zamani!"

"Si nilikwambia, mama?" dada akasema.

"Wewe ulisema. Hawa wameandika, tena na nembo."

Nilitaka kumjibu jibu ambalo lingemrudisha kwa dobi mwingine. Dada akanikanyaga mguu. "Karibu, mama," akasema, akaisogeza pasi kumpa nafasi. Mama Wageni alimwangalia kidogo, akaushusha mfuko mezani. "Nilikusema vibaya mbele za watu. Kesho nakuja na watu."

Akaja nao kweli. Kutoka kwa dada walikwenda mpaka getini kwa kampuni, kila mmoja na shuka lake na simu yake. Mkurugenzi alipouliza nani kawadanganya, wakamwonyesha yeye mwenyewe, na glasi yake. Kufika jioni makala zote zilikuwa zimefutwa, na Namba Moja naye kafutwa. Sasa nasikia Kampuni inatafuta jina jipya. Geti limeshakwanguliwa rangi.

Bomba bado. Kwa hiyo dada sasa huchuja maji kwa kitambaa, ndoo baada ya ndoo, kabla hajafua. Namba Moja alipotokea tena saa ya chakula, alimkuta uani.

"Dada, sasa tukufungulie tovuti. Nitakupandisha bure."

"Shika hii kwanza," dada akamkabidhi ndoo.

Akamimina. Kitambaa kikageuka rangi. Akakiinua, akakigeuza huku na huku kwenye jua, akakinusa.

"Ee," akasema. "Kumbe ni machafu kweli."

"Mimina," dada akamwambia. "Bado ndoo nyingi."