Mzee Munyemana Anarudisha Vyuma

Uvumi ulimfikia Dative akiwa amekaa mbele ya nyumba yake, Mururu, anachambua maharagi, na tangu hapo haukumtoka tena kichwani. Zulaikha, fundi wa nguo, ndiye aliyeupandisha mlima, pamoja na gauni ya Isimbi, mtoto wa Dative, aliyokuwa amemaliza kuishona kule Kamembe.

"Maman Isimbi, usinikasirikie," alisema kabla hajakaa. "Papa yako banamuona kwenye daraja."

"Nani anamuona?"

"Batu bote. Bamama ba nyanya, basoda, hata bale ba duane. Anabeba chuma kwa bega, anavuka Kongo, anarudi mikono mitupu. Kesho yake anaanza tena."

"Papa yangu tulimuzika."

"Najua. Si nilileta sukari?"

Dative aliendelea na kazi yake. Alitupa maharagi mazuri uani, akaweka jiwe kwenye sahani, akatupa maharagi mengine. Zulaikha akaelewa kwamba maneno yameingia.

Baba yake, Mzee Munyemana, alikuwa fundi wa mbabula, majiko ya makaa. Alizaliwa Bukavu, akazeekea Bukavu, na vita ilipokwisha Rwanda akarudi pamoja na wengine waliorudi, akiwa na nyundo, mkasi wa bati na kofia. Kibanda chake alikijenga kando ya barabara, chini kidogo ya nyumba ya binti yake, mahali ambapo mtu akisimama anaona mto na daraja la Rusizi ya Pili. Mbabula zake zilikuwa na miguu mifupi iliyotanuka, kama mtu aliyejiandaa kusukumwa. Sufuria haikuinama juu yake. Kuanzia Mururu hadi Nyakarenzo, msichana akiolewa, watu waliuliza kama amepewa godoro na mbabula ya Munyemana.

Vyuma vilitoka ng'ambo. Kongo ilikuwa kwenye vita yake ya pili, na vita huacha vyuma vingi. Wanawake walivibeba katika magunia yaliyofungwa kwa kamba, wakivuka daraja mbiombio. Gunia halikufunguliwa njiani. Kulifungua mbele ya muuzaji ni kumwambia ni mwizi, tena ni kuwaita watu wa duane, wale wa ushuru wa mpakani, waje kuangalia. Unaliinua mara moja, mnakubaliana, linaingia kibandani. Na kwa sababu bati lililochanika hukata vidole, Munyemana alikuwa na desturi yake: gunia aliliweka juu ya jiwe likiwa bado limefungwa, akalipiga kwa nyundo pande zote hadi vyuma vilale, ndipo akate kamba. Wenzake wengi wa kazi hiyo walipungukiwa vidole. Yeye alikuwa na vyote, na alipenda kuvionyesha.

"Hesabu," aliwaambia wateja. "Hesabu, kisha uniambie kama sijui kazi."

Asubuhi moja ya kiangazi, Nsimire wa Bukavu, mmoja wa wanawake hao, alimletea gunia kama siku zote. Waliulizana habari za watoto. Nsimire akaenda kununua chumvi. Munyemana akaliweka gunia juu ya jiwe, akainua nyundo. Ndani ya vile vyuma kulikuwa na kimoja ambacho hakijafa.

Mlio ulisikika Nyakarenzo, na watu wa kule walifunga mbuzi ndani, wakidhani vita imevuka. Jeneza lilikuwa jepesi, lakini waliitwa wanaume wa kutosha kulibeba, kwa heshima. Nsimire alilia kuliko ndugu wote, na alipomaliza kulia akaulizia gunia lake tupu.

Basi, kesho yake baada ya ule uvumi, Dative alishuka darajani. Hakungoja sana. Baba yake alikuja akiteremka barabara, amevaa aproni ya ngozi na ile kofia, amebeba begani pande la mbabula lililokunjuliwa. Alikuwa mzima, hana kovu. Akajipanga nyuma ya mwanamke mwenye kapu la parachichi, akangoja zamu yake.

Kijana wa duane alimpisha. "Muzee huyu hana jeto," alimweleza Dative, ambaye hakuwa ameuliza. "Lakini hana hata kitambulisho. Nimuandikie nani? Tena ni mali inayotoka. Miye ninaangalia inayoingia."

Dative akalipia jeto yake, kile kikaratasi cha kuvukia, akatembea sambamba na baba yake juu ya mbao za daraja.

"Papa, unaenda wapi?"

"Kurudisha."

"Kurudisha nini?"

"Hii ilikuwa kitanda ya mama moja wa Walungu. Alizalia hapo batoto bake bote. Bakamutosha chini mugonjwa, bakaikamata." Akahamisha chuma bega la pili. "Ile ya Zulaikha ilikuwa mulango ya shule. Ya padri, ni mabati ya nyumba iliyoungua, na mwenye nyumba alikuwa ndani. Kila chuma iko na mwenyewe, mutoto wangu. Zamani nilikuwa nasikia nyundo tu."

"Kuja kwanza nyumbani, ukule."

"Nikimaliza."

"Nimepika sambaza."

Mzee alipunguza mwendo kwa kusikia jina la vidagaa vile vya ziwani. Alimeza mate. "Za mafuta ao za nyanya?"

"Za nyanya."

Alitazama maji yanavyopita chini ya mbao. "Nikimaliza," akasema, akakaza mwendo, na Dative akabaki nyuma.

Alimjua baba yake. Tangu alipokuwa mtoto hakuwahi kumwona akikaa kula na kazi iko nusu. Mama yake, enzi za uhai wake, alifunika sahani na kungoja, na mara nyingi alilala kando ya sahani hiyo. Dative hakutaka mambo makubwa. Alitaka tu huyo mzee akae kwenye kiti chake, anawe, ale, anung'unike kwamba chumvi imezidi, halafu aende huko wanakokwenda wengine akiwa ameshiba. Siku ile ya gunia alikuwa ametoka nyumbani kwa chai ya rangi peke yake.

Kwa hiyo alianza kumsaidia amalize. Alipita nyumba kwa nyumba, akaomba watu watoe mbabula. Haikuwa kazi ngumu, kwa kuwa mzee mwenyewe alikwishaanza kupita mchana, akibisha hodi, akingoja sufuria iive.

"Kwangu alikuya maharagi yakiwa bado," Zulaikha alisimulia. "Akakaa. Akaonja. Akasema chumvi inapungua. Nikaongeza, akasema sasa njo yenyewe, akabeba mbabula yake ingali na moto, hata hakusema aï!"

Watu walirudi kupika kwenye mafiga. Walilalamikia moshi, si marehemu.

Aliyelalamika zaidi ni Valens, mume wa Dative. Alikuwa amejifunza kazi kwa baba mkwe wake, na sasa kibanda kilikuwa kimejengwa upya, bati jipya juu, jiwe lilelile chini, na hakuna cha kupiga.

"Papa yako anatembea, sawa," alisema. "Simukatazi. Lakini anarudisha kazi yote tuliyofanya. Miye nikule nini? Nibebe na miye?"

"Ngoja amalize tu. Usinunue chuma mpaka amalize."

Valens alimpakata Isimbi, akamnyoosha gauni yake mpya. "Haya," akasema. "Akimaliza."

Ikafika siku Dative akamfuata baba yake hadi mwisho wa safari. Walipanda kilima cha ng'ambo, wakapita migomba iliyokatwa, wakafika kwenye nyumba isiyo na paa. Mzee alibisha hodi mahali palipokuwa na mlango. Hakuna aliyejibu. Aliingia, akaweka chuma chini polepole, akakisogeza mpaka kikakaa alivyoona ni sawa, akavua kofia, akasema pole, akatoka.

Hawajafika hata kwenye njia kubwa, vijana waliokuwa wamekaa kando na mkokoteni waliinuka, wakaingia, wakakichukua.

Siku ya soko, Dative akirudi kutoka ng'ambo alimkuta Nsimire kabla ya daraja, gunia kichwani. Kwenye tundu la gunia lilichomoza pande la kitanda cha Walungu. Alilitambua, kwa maana mbabula hiyo ilikuwa ya jirani yake wa mlango wa pili, na alama za mkasi wa baba yake zilikuwa bado juu yake.

"Nsimire, hii tulirudishaka."

"Maman, miye nanunua kwa bale banauza," Nsimire alisema bila kusimama, maana gunia lilikuwa zito. "Bale banauza, banaokota. Kule kwetu kila kintu iko chini. Uniambie nisiokote, batoto bangu bakule aproni ya papa yako?"

Dative akamshika mkono, wakavuka pamoja, na upande wa pili Nsimire akaenda kuuza Kamembe, kwa sababu Mururu hawakununua.

Hatimaye ilibaki mbabula moja, ya Dative mwenyewe. Siku alipompa baba yake, aliyamwaga majivu yake, akaipangusa kwa kitambaa chenye maji. Mzee aliibeba asubuhi. Jua lilipokuwa katikati alirudi, na safari hii hakupita moja kwa moja. Alipinda, akapanda kijia, akasimama mlangoni.

"Nimemaliza," alisema.

Dative hakulia. Alimvutia kiti. Isimbi akamsalimia babu yake kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa, akamwuliza kama ameleta mandazi, akaambiwa hapana. Bugali ulikuwa tayari, na sambaza za nyanya zilikuwa zimepikwa kwenye mafiga, zimeingiwa na moshi kidogo. Dative alileta birika na beseni. Baba yake alikunja mikono ya koti, akavitandaza vidole vyake juu ya beseni, na binti akamimina maji polepole, kidole kwa kidole, akitaka yasiishe.

Chini barabarani sauti ya Nsimire ilisema, "Valens, nasikia muzee alimaliza."

"Alimaliza," Valens akajibu. "Weka hapo. Inua tena nione. Haya, sawa."

Mzee Munyemana aliinua kichwa. Maji yalikuwa bado yanamdondoka. Kisha nyundo ikasikika, ikipiga gunia lililofungwa, upande mmoja, upande mwingine, kwa mpangilio mzuri.

Alisimama. Alishuka kijia na mikono mibichi, Dative nyuma yake, birika mkononi.

"Valens," alisema mzee. "Fungua kwanza."

Valens alisimamisha nyundo kwa adabu. "Itanikata mikono, Papa. Njo vile ulinifundishaka."

"Ndiyo. Njo vile."

Valens akapiga tena, mara chache zilizobaki, na hakuna kilichotokea. Akakata kamba. Ndani mlikuwa na mabati, ringi za baiskeli na nondo za dirisha. Mzee aliinama, akashika nondo moja, akaisikiliza, akaiweka begani.

"Hii ni ya wapi?" Dative aliuliza.

"Mbali," alisema baba yake. Akashuka kuelekea darajani, akajipanga kwenye foleni.

Dative alifunika sahani. Siku hiyohiyo Valens alimaliza mbabula mpya yenye miguu iliyotanuka. Ilishika moto upesi na haikutoa moshi, na Zulaikha alikuja kuulizia yake.

Ya kuepuka:

Kupiga gunia ambalo halijafunguliwa.

Kumtuma mtoto kuokota chuma kando ya mto, hata kama ni kijiko.

Kugusa chuma chenye umbo la chupa au la nanasi. Usikirushe, usikifunike, usikipelekee mtu nyumbani kwake. Rudi ulikopita, uwaite wakubwa.

Kununua mguu wa kitanda bila kuuliza aliyekilalia yuko wapi.

Kusema "nanunua tu", na kusema "naokota tu".

Kumruhusu mtu wako atoke asubuhi na chai ya rangi peke yake.

Kumnawisha baba yako aliyekufa kabla hujaenda kuangalia nani amesimama barabarani.