Kitufe cha Kuahirisha Harusi

Usiku wa jana Mwantumu aliota yuko ofisini kwake, Tanga, na kitufe cha kijani kinabisha hodi.

Mwantumu ndiye kiongozi wa timu inayotengeneza programu ya simu ya kukodisha kumbi za harusi. Mwenye kumbi hizo, Bi Saumu, alikuwa aje asubuhi kuona kazi ya wiki.

"Karibu. Wewe ni nani?"

"Kitufe cha kuahirisha harusi. Bi Saumu amenitaka leo."

"Wiki hii imejaa."

"Najua. Nimeona viti."

Mwantumu anageuka. Ofisi imekuwa ukumbi uliopambwa, na kazi zote za wiki zimeketi mezani zinakula pilau. Ripoti ya mapato yenye michoro ya rangi, nene kweli kweli, imechukua viti viwili. Mlangoni kumebandikwa kanuni ya timu: kazi ikiingia, nyingine itoke.

Bi Saumu anaingia, amevaa shela.

"Shikamoo, Bi Saumu."

"Marahaba, mwanangu. Hebu zikae zote. Zitabanana."

Zinabanana. Ukumbi unasinyaa, dari linashuka mpaka linagusa sahani. Kalenda inalalamika kwamba kuna mtu ameikalia mwezi wa sita.

Mwantumu alitaka kusema haiwezekani, lakini neno hilo halikuwahi kumsaidia na mteja yeyote. Akauliza, "Bi Saumu, ipi hapa ikikosekana, kuna mtu ataumia?"

Bi Saumu alitafuna kwanza.

"Juzi bwana harusi mmoja aliugua. Hatukuwa na namna ya kuwajulisha wageni. Wakaja, wakala pilau ya harusi isiyokuwepo. Bibi harusi alilia mpaka nikalia naye." Akaigeukia ripoti. "Wewe rangi zako nazipenda. Ila ukikosekana hakuna atakayelia."

Ripoti iliinuka taratibu. "Wiki ijayo nitakuwa wa kwanza?"

"Tutazungumza wiki ijayo," Mwantumu alisema. "Huenda na wewe ukawa umebadilika."

Ripoti ikatoka imenuna. Kitufe kikakaa, kikaomba kachumbari. Dari likapanda.

Mwantumu alipozinduka kulikuwa kumekucha, na simu ilikuwa na ujumbe wa Bi Saumu:

"Mwanangu, badala ya ile ripoti, wiki hii niwekee kitufe cha kuahirisha harusi. Ripoti nimeikuta hapo nje, nimeibembeleza. Hainuni tena."

Mwantumu alimjibu "Asante, Bi Saumu," akaenda kupiga mswaki.