Maji Yaliyomkataa Nafuna

Jana alasiri Nafuna alijinyoosha kwenye kochi kando ya mashine yake ya kufumia sweta, na kabla hajavua viatu akawa anaota. Asubuhi ya leo alitakiwa mbele ya wazee watatu wa sinagogi dogo la kule mlimani, awaeleze kwa nini yeye, mjane aliyebatizwa tangu utotoni, anataka kuwa Myahudi. Maelezo alikuwa nayo, tena ya kupendeza. Yalimtaja Ibrahimu kila baada ya sentensi moja.

Ndotoni alifika kwenye lango la bati. Lango likamwambia arudi kwao. Alijua kwamba kwa desturi ya Wayahudi anayeomba kuingia katika dini yao hukataliwa mara tatu, kwa hiyo hakukasirika. Alirudi, akaosha miguu, akaja tena. Lango likamfukuza tena. Safari ya tatu hakwenda, maana magoti yalimuuma. Basi lango likamfuata nyumbani, likabisha hodi, likaketi sebuleni na kuomba chai.

"Bado sijakukataa mara ya tatu," lilisema. "Unanichelewesha."

"Basi nikatae."

"Nenda zako." Likamaliza chai, likafunguka.

Ndani amesimama nguruwe mwenye tai na sanduku la nguo. Anazungumza kwa sauti ya Makokha, shemeji yake Nafuna, ambaye tangu Pasaka hajaacha kumsema.

"Shemeji, tulikukosea nini?"

Nafuna anafikiri, kisha anamjibu kwamba hakuna aliyemkosea. Nguruwe anajifuta machozi kwa tai. Anakiri kwamba kwa upande wake si hasara kubwa, kwani Wayahudi hawali nguruwe, na kila Krismasi ilipokaribia nyumba ya Nafuna ilimkosesha usingizi kwa kuogopa kisu. Anaondoka, na akifika kona anaanza kurukaruka.

Mbele kuna nyumba tatu zilizoegemeana. Ya kwanza ni ya Wayahudi wa mapokeo. Mlango wake unamuuliza kama yuko tayari kushika amri zote, na kabla hajajibu unaanza kumpa azishike. Moja ni nzito kama jiwe la kusagia. Nyingine inatekenya. Nyingine, ya nyama, haitaki kukaa karibu na maziwa. Nafuna anazikumbatia hadi kidevuni.

"Ziko nyingine," mlango unasema, kwa heshima zote.

Anajikokota hadi ya pili, nyumba ya Wayahudi wa mageuzi. Huko amri zimepangwa mezani, naye anaambiwa achukue zile zinazomwita. Anasubiri. Amri zinamtazama. Kwa adabu, hakuna hata moja inayotaka kuwa ya kwanza kumwita.

Katika nyumba ya tatu, ile ya Wayahudi wa msimamo wa kati, wanawake wawili wazee wanavutana amri moja, kila mmoja upande wake, na inaonekana wameanza zamani sana. Mmoja anageuka. "Na wewe, mama, unaonaje?"

Katika mambo ya Mungu, hakuna aliyewahi kumuuliza Nafuna anaonaje. Akatua mzigo wake chini, akaishika ile amri katikati, akavuta.

"Nitakaa hapa," alisema.

Papo hapo sakafu ikawa bwawa. Wale wanawake wazee wakamwambia azame mzima, kama afanyavyo kila aingiaye Uyahudi, na pasiwe na kitu chochote kati yake na maji. Akavua nguo, pete, na pini za nywele. Akashuka. Maji yakajitenga, nusu kulia na nusu kushoto, yakasimama wima kama mapazia, akabaki kwenye matope makavu huku samaki wakimchungulia.

"Kuna kitu kati yetu," maji yakasema.

Nafuna akakohoa, akaanza habari za Ibrahimu. Maji yakasogea mbali zaidi.

"Ibrahimu tunamjua. Wewe je?"

Akamwacha Ibrahimu. Kisha akayasimulia maji juma lile alipomzika mumewe, Wafula. Nyumba ilijaa watu wa kumfafanulia: Mungu alimpenda zaidi, usilie, amepumzika. Halafu wakaja Wayahudi, wateja wake wa sweta. Wakaketi chini wasiseme neno, wakingoja aanze yeye. Mwishowe alisema tu kwamba Wafula alikuwa akikoroma. Wakamuuliza alikuwa akikoroma vipi. Akawaonyesha, na wakacheka pamoja mpaka akalia vizuri.

"Nataka kuwa mmoja wa watu wale," alisema. "Najua ni sababu ndogo."

"Ndogo inapita," yakasema maji, na yakamwangukia yote kwa pamoja.

Alizinduka kochini. Jua lilikuwa kali, nguo zake kavu, kinywa kikavu. Ila sikio moja lilikuwa limeziba. Akainamisha kichwa, akajipiga upande wa pili kama watoto wafanyavyo mtoni, na tone la maji ya uvuguvugu likadondoka kiganjani. Ndani yake kiluwiluwi kilikuwa kikizunguka, kikitafuta nafasi.

Nafuna akakitia kwenye glasi ya maji. Asubuhi hii amekipitisha mtoni, akakiachia majini, akakiaga, akapanda mlima kwa wazee bila Ibrahimu.